Chemirocha na Neno la Kuamsha: Uhakiki wa Jina, Lafudhi na Amri katika Mashine Zisikiazo

UTANGULIZI

Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akinasa muziki, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis na kunasa nyimbo tatu zenye jina moja: "Chemirocha". Ule wa tatu, ulioimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kikipsigis, ndio uliokuja kujulikana zaidi ulimwenguni. Chemirocha si mungu wa kale wala shujaa wa masimulizi ya ukoo. Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi huko Marekani, aliyefahamika kwa sahani zake za santuri na ambaye, wakati wasichana wale walipomwimba, alikuwa amekwisha kufariki miaka 17 iliyopita. Katika wimbo huo sauti isiyo na mwili imepewa mwili, nusu mtu na nusu swala. Kisha mwenye sauti hiyo anaitwa aje acheze.

Wimbo huu aghalabu hutajwa kama kioja: watu wa mbali walisikia santuri, wasielewe, wakazua kiumbe. Usomaji wa namna hiyo unawapunja waimbaji. Ukitazamwa kama tendo la lugha, wimbo wa Kapkatet unaonyesha jamii iliyokutana na sauti itokayo katika mashine, ikaipa jina linalotamkika kinywani mwake, halafu ikaiita kwa jina hilo. Hatua zote tatu, yaani kusikia, kutia jina na kuita, zilifanywa na Wakipsigis wenyewe.

Suala hilo sasa limerudi kwa sura nyingine. Santuri ilisema bila kusikia. Mashine za leo zinasikia. Siri ilitolewa katika simu za Apple mwaka 2011, na mwaka 2014 Amazon ikatoa kifaa cha Echo, ambacho hukaa kimya nyumbani mpaka kiitwe "Alexa". Neno hilo la kwanza, ambalo huitoa mashine katika usingizi wake, litaitwa hapa neno la kuamsha. Maneno yanayofuata, yanayoiagiza mashine kutenda jambo, ni amri za sauti. Wala hili si jambo la makampuni makubwa peke yake. Siku hizi hata mtunzi wa programu ndogo ya simu anaweza kuiongezea programu yake masikio, iwe ni ya hesabu za duka au ya kuweka kumbukumbu za shamba.

Swali linalopaswa kuulizwa na mwanafunzi wa lugha ni hili: neno la kuamsha na amri za sauti vinamtarajia msemaji gani? Makala haya yanadai kwamba, kwa kawaida, vinamtarajia msemaji asiyekuwapo Soin. Yanadai pia kwamba mtunzi wa programu anayetaka kusikilizana na watu wa Soin hana budi kuanza pale walipoanzia waimbaji wa Kapkatet, yaani katika kinywa cha mwitaji.

Soin, sehemu ya Kericho inayoteremka kutoka vilima vya chai kuelekea tambarare za Nyando, inafaa sana kuwa mfano. Neno lenyewe katika Kikipsigis hurejea nchi ya chini yenye joto, kinyume cha nyanda za juu zenye baridi. Hapa Mkipsigis anapakana na Mjaluo, na Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, ya ofisini na ya garini, kila mmoja akikitamka kwa ulimi aliolelewa nao.

JINA NA KINYWA

Inafaa kwanza kulichunguza jina "Chemirocha" kama matini. Kikipsigis, kama lahaja nyingine za Kikalenjin, hakitofautishi vipasuo ghuna na sighuna kwa maana. Kwa Mswahili, "pata" na "bata" ni maneno mawili. Kwa mfumo wa sauti wa Kikalenjin, p na b ni fonimu moja ambayo husikika hivi au vile kufuatana na jirani zake. Ndivyo ilivyo kwa t na d, kwa k na g, na kwa ch na j. Aidha, Kikalenjin hakina f, v wala z za asili. S ndicho kikwamizo chake. Mfumo huo una utajiri wake mahali pengine: katika toni, katika urefu wa irabu, na katika upatanifu wa irabu, mambo ambayo maandishi ya Kiswahili hayayaonyeshi kamwe.

Jina la Jimmie Rodgers lilipopita katika mfumo huu, kila j iligeuka ch. Sauti za mwisho wa "Rodgers" ziliyeyuka zikaacha irabu a. Silabi ya kwanza ikaangukia pale pale ambapo majina mengi ya kike ya Kikalenjin huanzia: Chebet, Cherono, Chepkoech. Hivyo jina la mgeni likafanana na majina ya nyumbani, likaweza kutamkwa na mtoto na mzee bila kujikaza. Tracey mwenyewe aliandika kwamba Wakipsigis walilitumia neno hilo kwa vitu vipya na vya kigeni kwa jumla. Jina la mtu mmoja lilikuwa limekwisha kuwa nomino ya lugha.

Sasa mtazame mtunzi wa mashine anapotafuta neno la kuamsha. Kanuni za kazi yake si siri. Neno liwe na silabi tatu au zaidi, kwa sababu neno fupi huchanganywa na vipande vya maneno mengine. Sauti zake ziwe za namna mbalimbali. Lisiwe neno linalotamkwa kila saa katika mazungumzo, ama mashine itazinduka ovyo. Waundaji wa "Alexa" wameeleza kwamba herufi x ilisaidia kulitenga neno lao na maneno mengine ya Kiingereza.

Likipimwa kwa kanuni hizo, "Chemirocha" ni neno bora. Lina silabi nne na irabu nne tofauti, e, i, o na a. Halimo katika mazungumzo ya kila siku. Tena halina sauti hata moja ambayo ulimi wa Mkipsigis ungeikwepa. Wasichana wa Kapkatet hawakuwa wakitunga neno la kuamsha, lakini jamii yao ilikuwa imefikia umbo ambalo mafundi wa leo wangelikubali, na iliwatosha kufuata sharti moja tu, kwamba jina la kuitwa lazima likae vizuri kinywani mwa anayeita.

Mtu anayeleta mashine Soin angeweza kudhani kwamba kazi ni nyepesi: achague salamu ya wenyeji, aseme mashine iamke kwa "Chamgei". Hapo angekuwa ameonyesha heshima na kukosa maarifa kwa pamoja. "Chamgei" ni salamu inayosikika mlangoni, njiani na kanisani. Zaidi ya hayo, ni jina la stesheni ya redio ya Kikalenjin, Chamgei FM, inayotajwa hewani mchana kutwa. Simu iliyo karibu na redio ingezinduka kila mara mtangazaji anapotaja stesheni yake. "Hujambo" na "habari" zina kasoro hiyo hiyo katika Kiswahili. Na kuchagua jina la mtu, kama Chebet, ni kuingiza mashine katika kila darasa lenye akina Chebet. Huko Marekani wasichana walioitwa Alexa walijikuta wakiitwa kama vyombo, na wazazi wakapunguza kuwapa watoto wao jina hilo.

NAMNA MASHINE ISIKIAVYO

Ili uhakiki uwe wa haki, hapana budi kueleza jinsi mashine inavyosikia. Kitambuzi cha neno la kuamsha ni programu ndogo iliyo macho daima ndani ya kifaa. Huikata sauti inayoingia katika maikrofoni kuwa vipande vyembamba vya sehemu chache za mia za sekunde, hupima nguvu ya kila kipande katika ngazi za chini na za juu za sauti, na hushika kumbukumbu ya sekunde moja au mbili zilizopita. Kwa kila hatua hutoa alama kati ya 0 na 1 kuonyesha jinsi sauti hiyo inavyolingana na neno lililofundishwa. Alama ikivuka kizingiti kilichowekwa, mashine huamka na kuikabidhi sauti inayofuata kwa programu kubwa zaidi ya kutambua maneno, ambayo mara nyingi iko mbali, katika kompyuta za kampuni.

Kizingiti hicho ndicho kiini cha mambo. Kikishushwa, mashine huamka bila kuitwa. Kikipandishwa, huitwa bila kuamka. Makosa haya mawili hayana uzito sawa. Mashine iamkayo bila kuitwa inaweza kubeba mazungumzo ya nyumbani na kuyapeleka isikopaswa. Mashine iitwayo isiamke humlazimisha mwitaji kurudia, kupaza sauti, na hatimaye kubadili matamshi yake. Nani atakayebeba kosa la pili, hilo huamuliwa na sauti zilizotumika kuifundisha mashine.

Mafunzo yenyewe huhitaji maelfu ya mifano ya neno moja. Kwa kuwa ni ghali kuwakusanya watu maelfu, siku hizi mifano hiyo mara nyingi hutengenezwa kwa sauti za bandia, yaani programu ya kusoma maandishi huagizwa kulitamka neno mara nyingi kwa kasi na sauti mbalimbali, kisha kelele za mvua, muziki na magari huchanganywa humo. Mradi wa wazi uitwao openWakeWord hufanya kazi kwa njia hii, nao ulijengwa kwanza juu ya sauti za Kiingereza. Njia hiyo ni ya werevu, nayo imewafungulia watunzi wadogo mlango uliokuwa wa makampuni tu. Lakini sauti ya bandia haina kwao. Haikukulia Soin, haikuzungumza Kikipsigis na mama yake kabla ya kukutana na Kiswahili shuleni. Mashine iliyofunzwa kwa sauti hizo peke yake imefunzwa kuwa hakuna lafudhi nyingine duniani.

LAFUDHI MBELE YA KIZINGITI

Historia ya Kiswahili sanifu inajulikana. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi katika miaka ya 1920, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyosimamia tahajia, msamiati na vitabu vya shule. Usanifishaji huo ulihusu zaidi maandishi. Mwanafunzi wa Kericho aliyeandika "bahati" akapata alama zake zote, hata kama mdomo wake ulitamka "pahati". Kalamu ilimpa nafasi ya kuwa Mswahili kamili huku ulimi wake ukibaki wa kwao. Kukosolewa kulikuwapo, na mzaha pia, kwa maana lafudhi ya Kikalenjin imewachekesha wengi katika vichekesho vya redio na televisheni za Kenya. Hata hivyo cheko la msikilizaji halimzuii msemaji kueleweka. Anayecheka amekwisha kuelewa.

Mashine haicheki, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Binadamu akisikia "naomba kufunkua mlango" hujaza palipopungua kwa kutumia muktadha, uso na ujirani. Kitambuzi cha neno la kuamsha hakina muktadha wowote; kina alama na kizingiti. Neno la kuamsha lenye b, g, z na v, ambalo katika chumba cha majaribio lilionekana zuri, huko Soin linakuwa mtihani wa matamshi unaotolewa kila mara mtu anapohitaji huduma. Msahihishaji wake hana sura wala rufani. Usanifishaji ambao zamani uliishia kwenye karatasi sasa unaingia kinywani.

Katika hadithi ya Alibaba na wezi arobaini, ambayo imesimuliwa sana kwa Kiswahili, ndugu yake Alibaba alifungiwa pangoni kwa sababu alilisahau neno moja. Alijua kuwa ni jina la nafaka, akazitaja nafaka nyingine zote, na mlango haukutikisika. Lakini yeye angalau alikosea neno. Mtu wa Soin atakuwa amelitaja neno lenyewe, na mlango utamkatalia kwa sababu ya ulimi wake.

AMRI NA MAUMBO YA KITENZI

Tuseme mashine imeamka. Kinachofuata ni amri, na hapa matatizo hayatokani na lafudhi peke yake, bali na mofolojia ya Kiswahili. Mtunzi wa programu huwa na orodha ya amri kwa Kiingereza, naye huzitafsiri moja moja bila kuzisikiliza zikiwa pamoja. Matokeo yake yanaweza kuonekana katika jozi tatu.

Jozi ya kwanza ni "fungua" na "funga". Kiswahili hujenga kinyume kwa kauli ya kutendua, na kwa hiyo maneno ya maana zinazopingana hushiriki mzizi mmoja: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Msikilizaji wa kibinadamu husaidiwa na mkazo, ambao katika "funga" uko juu ya silabi "fu", na katika "fungua" umehamia kwenye "ngu". Mvua inapopiga mabati ya paa, kama inavyopiga karibu kila alasiri katika nchi ya chai, tofauti hiyo ndogo ndiyo ya kwanza kupotea. Ni afadhali amri zipingazo zitokane na mizizi tofauti, kama "washa" na "zima", au "ongeza" na "punguza".

Jozi ya pili ni "futa" na "vuta". Mtunzi anaweza kusema "vuta orodha" kwa maana ya kuisogeza juu ya kioo, na "futa orodha" kwa maana ya kuiondoa kabisa. Kwa msemaji ambaye lugha yake ya kwanza haina f wala v, kutenganisha maneno haya ni jambo la kujifunza, na katika haraka yanaweza kuwa neno moja. Mwenye kuitaka orodha aione huenda akaipoteza.

Jozi ya tatu ndiyo mbaya zaidi, nayo ni mbaya hata kwa Mswahili wa Mvita au Unguja: "tafuta" na "futa". Mkazo wa "tafuta" uko juu ya "fu". Silabi "ta" ya mwanzo haina mkazo. Mtu anapotamka neno la kuamsha na amri kwa pumzi moja, bila kutua, programu kubwa ya kutambua maneno huweza kuchelewa kidogo kuanza kusikiliza, na kinachokatwa ni mwanzo wa amri. "Tafuta kilo za Machi" ikikatwa kichwa inakuwa "futa kilo za Machi". Hakuna kosa la matamshi hapo, wala kelele. Lugha yenyewe imeuficha ufutaji ndani ya utafutaji, na hakuna tafsiri ya neno kwa neno ambayo ingelifunua jambo hili.

Uzito wa mfano huu utaonekana akifikiriwa mkulima mdogo wa chai. Mchumaji ana kikapu mgongoni na mikono miwili kazini, akichagua majani mawili na chipukizi moja. Mikono imelowa, imepakaa utomvu, na kioo cha simu hakiitikii kidole cha namna hiyo. Kama kuna mtu ambaye amri ya sauti ingemfaa kweli, ni huyu, kuliko mtu aketiye sebuleni akitaka kubadilishiwa muziki. Lakini programu inayomtunzia kilo alizopeleka kwenye kituo cha kupimia majani inashika ushahidi wa malipo yake. Ikifuta pale alipoiambia itafute, imemwondolea hoja yake siku ya kudai haki. Kwa sababu hiyo neno "futa" halifai kuwa amri ya mara moja. Liulizwe tena, au mahali pake pawekwe neno refu lisilofanana na jingine, kama "ondoa kabisa".

ADABU YA KUITA

Amri ni tanzu ya usemi, nayo ina historia yake katika nchi ya chai. Mashamba makubwa ya Kericho yalianzishwa katika miaka ya 1920, na wafanyakazi wakatoka katika makabila mengi. Kiswahili kilichotumika kati ya mwenye shamba, nyapara na kibarua kilikuwa aghalabu kile kilichoitwa Kisetla, Kiswahili cha mabwana, ambacho kilipunguza sarufi mpaka ikabaki hali ya kuamuru. Vitabu viliandikwa kukifundisha Kiswahili cha bara, cha F. H. Le Breton, kilichotolewa mwaka 1936, kiliwalenga masetla, wanajeshi, wachimba madini na wafanyabiashara. Mtu angeweza kukaa Kericho miaka mingi akijua "leta", "ondoa" na "haraka", asijue kamwe kusema "naomba uniletee".

Kiswahili kamili kina njia nyingi za kuagiza. Kuna "fungua" na "fungueni". Kuna hali tegemezi, "ufungue", inayopunguza makali. Kuna kauli ya kutendea, "nifungulie", inayomweka mwombaji ndani ya kitenzi na kukiri kwamba anafanyiwa hisani. Kuna "hebu", "tafadhali" na "naomba". Mtoto hufundishwa lini atumie ipi, na kwa nani. Programu inayotambua "fungua" tu, ikabaki kiziwi mbele ya "nifungulie", imechagua Kisetla bila kujua. Zaidi ya hayo, inamfunza mtoto wa nyumba hiyo, kila siku, kwamba adabu ni kikwazo na ukali ndio njia ya kutendewa. Tiba yake si ngumu kwa fundi anayejua sarufi: mashine ifundishwe kuutambua mzizi pamoja na viambishi vyake, badala ya kukariri umbo moja.

Upande wa Kikipsigis una mafunzo yake pia. Mwanamume mtu mzima huitwa kwa jina la baba yake likitanguliwa na "arap". Kumwita kwa jina lake la utotoni mbele za watu ni kumshusha. Jina hufuata cheo cha maisha. Mashine, kwa upande wake, huitwa kama mtoto au mtumishi, kwa jina moja lisilo na ukoo, na mara nyingi ni jina na sauti ya kike. UNESCO ililalamikia jambo hilo mwaka 2019, ikionya kwamba wasaidizi hao wa kike watiifu hueneza dhana potofu kuhusu wanawake. Ni onyo linaloihusu Kericho pia. Mtu akiipa mashine jina linaloanza na "Chep-" kwa kutaka ladha ya kienyeji, atakuwa amempa binti wa Kikipsigis kazi ya kuamrishwa na kila apitaye. Tofauti na Chemirocha ni kubwa: yule aliitwa aje acheze na wasichana, hakuitwa atumwe.

HOJA ZA UPINZANI

Kuna watakaosema kwamba dawa ni kuwafundisha watu Kiswahili fasaha, ili mashine isilaumiwe kwa makosa ya msemaji. Hoja hii inachanganya ufasaha na lafudhi. Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi ya Kenya kwa kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010. Lugha ya taifa haiwezi kuwa mali ya matamshi ya pwani peke yake. Kifungu hicho hicho kinaitaka serikali kukuza lugha za kiasili; haitawezekana kuzikuza lugha hizo na papo hapo kuyahesabu matamshi yake kuwa makosa yanapogusa Kiswahili.

Wengine watasema Kiswahili kiachwe, mashine ifundishwe Kikalenjin moja kwa moja. Hoja hii ni nzuri zaidi, na kazi imeanza: katika mradi wa African Next Voices, ambao data zake zilitangazwa mwaka 2025, Chuo Kikuu cha Maseno kiliongoza ukusanyaji wa sauti nchini Kenya, Kikalenjin kikiwa mojawapo ya lugha zake. Hata hivyo Soin haiishi kwa lugha moja. Mtu huanza sentensi kwa Kikipsigis, akataja bei kwa Kiswahili, akamaliza kwa neno la Kiingereza. Mashine ya Kikalenjin haitaondoa haja ya mashine ya Kiswahili inayoijua lafudhi ya Kikalenjin.

Hoja ya tatu ni ya tahadhari, nayo ina uzito. Kwa nini watu watoe sauti zao ili kuifundisha mashine? Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inautaja utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kibayometriki. Sauti ni kama alama ya kidole. Na nchi hii imewahi kutoa sauti. Nyimbo zilizonaswa Kapkatet mwaka 1950 zilikaa katika hifadhi ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Tracey huko Afrika Kusini, na nakala zake zilirudishwa Kapkatet baada ya zaidi ya miaka 60. Wimbo ulikuwa umekwisha kusikilizwa mabara mengine wakati waimbaji wengi wakizeeka bila kujua ulikofika. Aidha, watu wa nchi ya chai wanazijua mashine zinazokuja bila shauri: mwezi Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho katika ghasia za watu waliodai kwamba zinawanyang'anya kazi. Asiyetaka yarudie aanze na ridhaa. Mwenye sauti aelezwe itatumika wapi, apate nakala, na kitambuzi kilichotokana na sauti za Soin kifanye kazi ndani ya simu za Soin bila kulazimika kupeleka mazungumzo mbali.

HITIMISHO

Kutokana na yaliyoelezwa, kazi ya mtunzi wa programu anayefika Soin inaweza kutajwa kwa ufupi. Neno la kuamsha lipendekezwe na watakaoliita, liwe refu kiasi, lisiwe salamu wala jina la jirani, na lisitegemee tofauti za b na p, d na t, g na k, au f na v. Sauti za bandia zitumike kuanzia kazi, zisiwe mwisho wake. Zifuatwe na sauti za wanawake na wanaume, wazee kwa vijana, zilizonaswa chini ya mabati na mvua ikinyesha. Kizingiti kipimwe hapo Soin, na makosa ya kila kundi la wasemaji yahesabiwe kando, kwa maana wastani mzuri unaweza kuficha mtaa mzima usiosikika. Amri zichaguliwe zikiwa pamoja kama mfumo, na maumbo ya adabu yakubaliwe sawa na maumbo ya kuamuru.

Hakuna hata moja kati ya haya lisilowezekana kwa ufundi uliopo. Yanahitaji mwanafunzi wa lugha aketi pamoja na fundi kabla orodha ya amri haijafungwa, badala ya kuitwa baadaye kusahihisha tahajia. Idara za lugha za Kiafrika zimetumia miaka mingi kueleza fonolojia ya Kikalenjin na mofolojia ya Kiswahili katika vitabu ambavyo mafundi hawavisomi. Maarifa hayo sasa yana kazi ya haraka nje ya darasa.

Mwaka 1950 sauti ya mgeni iliingia katika nchi ya Wakipsigis, nao wakaipa jina kwa kanuni za lugha yao, na hapana aliyewaambia kwamba wamelitamka vibaya. Mashine ya wakati ule haikuwa na masikio ya kuwakosoa. Mashine yenye masikio inapokuja sasa, uhuru huo wa kutia jina usipungue kwa sababu tu kinachoitwa kinaweza kukataa kuitika.